Nina wastani wa darasa zima na wa wavulana tu. Wa wasichana nitaupataje?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya kata. Jumamosi ijayo tuna kikao cha wazazi, na mkuu wa shule amenitaka nieleze wasichana wa kidato cha nne wamefanyaje Hisabati kwenye mtihani wa moko. Karatasi ya alama za wasichana haionekani, na mwalimu wa somo amehamishwa, simu yake haipatikani. Nilicho nacho ni taarifa fupi aliyoiacha: darasa lina wanafunzi 84, wavulana 36 na wasichana 48. Wastani wa darasa ni 52.5 na wa wavulana ni 48. Nikafikiri hivi: wavulana wako chini ya wastani wa darasa kwa alama 4.5, basi wasichana lazima wawe juu kwa alama 4.5, yaani 57. Mwenzangu wa Fizikia anasema si 57, ni 55.875, ila hakunieleza nikaelewa. Mwalimu wa Historia anasema bila karatasi ya alama hakuna anayeweza kujua. Halafu nakumbuka wasichana wawili hawakufanya mtihani kwa sababu walikuwa wagonjwa; sijui kama hilo linabadilisha kitu. Naogopa kusimama mbele ya wazazi na namba ya uongo."

Mwalimu, kwa namba ulizoziandika, mwenzako wa Fizikia yuko sahihi: wastani wa wasichana ni 55.875. Hiyo 57 yako imetokana na kosa ambalo nimelikuta kwa wahasibu, kwa wauguzi, hata kwa watu wenye shahada za uchumi, kwa hiyo usijilaumu. Mwalimu wa Historia amekosea anaposema haiwezekani kabisa. Lakini lile jambo la wasichana wawili wagonjwa, ambalo umelitaja mwishoni kama nyongeza, ndilo zito kuliko yote, na hapo mwalimu wa Historia anaukaribia ukweli kutuzidi sote. Nitafika huko.

Tuanze na wastani wenyewe. Shuleni tunafundisha "jumlisha, kisha gawanya kwa idadi", mwanafunzi anakariri, anapata alama zake mbili, mambo yanaishia hapo. Kinachosahaulika ni kwamba njia hiyo ina kwenda na kurudi. Umegawanya ukapata wastani. Uzidishe kwa idadi ileile, jumla inarudi kama ilivyokuwa. Chukua mchango wa harusi. Kamati ikikwambia wajumbe 20 wamechanga kwa wastani wa shilingi 30,000, hujui nani alitoa 100,000 na nani alitoa 5,000 akanyamaza. Lakini unajua bila shaka kwamba mweka hazina anatakiwa awe na shilingi 600,000 mkononi. Majina yamepotea, fedha haijapotea.

Sasa njoo darasani kwako. Wanafunzi 84 wenye wastani wa 52.5 kwa pamoja wamekusanya alama 84 × 52.5, ambazo ni 4,410. Wavulana 36 wenye wastani wa 48 wamekusanya 36 × 48, ambazo ni 1,728. Toa 1,728 kwenye 4,410, zinabaki alama 2,682. Alama hizo hazina mwenyewe mwingine isipokuwa wasichana, maana darasani hakuna kundi la tatu. Wagawie wasichana 48 na utapata 55.875. Kazi imekwisha, na humo hamna fomula ya kukariri. Umerudi kwenye jumla, umetoa sehemu unayoijua, umegawa kilichobaki.

Hata hivyo sitaki uitupe njia yako, kwa sababu wazo lake ni zuri na lina hitilafu moja tu. Uliona wavulana wako chini kwa 4.5, ukaona lazima mtu afidie. Kweli kabisa. Kila mvulana, kwa wastani, analiachia darasa deni la alama 4.5. Wavulana wako 36, kwa hiyo deni lote ni 36 × 4.5, yaani alama 162. Dawa ya deni ni kulipa, na wa kulipa ni wasichana. Ila wasichana si 36, ni 48. Deni la 162 likigawanywa kwa watu 48, kila mmoja anabeba 3.375. Wastani wao basi ni 52.5 jumlisha 3.375: tunarudi palepale, 55.875. Hitilafu yako ilikuwa kudhani kila mvulana mmoja ana msichana mmoja wa kumlipia. Ingekuwa hivyo, kila msichana angebeba 4.5 na jibu lingekuwa 57. Darasani kwako walipaji ni wengi kuliko wadaiwa, ndiyo maana mzigo wa kila mmoja umepungua.

Kwa hiyo njia yako inatoa jibu sahihi pale tu makundi mawili yanapolingana idadi. Hilo ndilo linaloifanya iwe hatari, kwa sababu mifano mingi ya ubaoni ina makundi yanayolingana, mwanafunzi anaizoea, kisha anaipeleka mtaani ambako makundi hayalingani karibu kamwe.

Njia ya kujikagua ni rahisi na ningependa uifanye kila mara. Rudisha jibu lako ndani uone kama linakupa wastani ulioanza nao. Tujaribu 57: wasichana 48 × 57 ni 2,736, ongeza 1,728 za wavulana, unapata 4,464, gawanya kwa 84, unapata 53.14. Taarifa inasema 52.5. Namba imekataa. Jaribu 55.875 na utaona inakaa sawasawa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata kalamu: wastani wa pamoja lazima ukae katikati ya wastani wa makundi mawili, na huvutwa upande wa kundi lenye watu wengi. Wasichana wako ni wengi, basi 52.5 lazima iwe karibu zaidi na wastani wao kuliko wa wavulana. Tazama: kutoka 48 hadi 52.5 ni hatua 4.5, kutoka 52.5 hadi 55.875 ni hatua 3.375. Ni kama watoto kwenye ubao wa bembea ya kupanda na kushuka, ambako upande wenye watoto wengi hukaa karibu na nguzo ili ubao utulie. Mtu akikuletea taarifa ya darasa lenye wastani wa 52, wavulana 48 na wasichana 51, usihangaike kutafuta mashine ya hesabu. Mwambie arudi akahesabu upya, maana watu wawili wa chini hawawezi kuzaa wastani ulio juu yao wote.

Na kama hujui idadi kamili, ila unajua uwiano? Inatosha. Kwako wavulana kwa wasichana ni 36 kwa 48, yaani 3 kwa 4. Jifanye darasa lina watu saba: 7 × 52.5 ni 367.5, toa 3 × 48, ambazo ni 144, zinabaki 223.5, gawanya kwa 4. Ni 55.875 ileile. Kama hujui idadi wala uwiano, hapo ndipo pa kusimama. Wastani mbili peke yake hazitoi ya tatu, na anayekupa jibu anabahatisha.

Sasa twende kwa wagonjwa wawili.

Ulipoandika "wasichana 48", ulihesabu waliosajiliwa au waliokaa kwenye chumba cha mtihani? Na mwalimu aliyeondoka, alipogawanya akapata 52.5, aligawanya kwa ngapi? Maswali haya mawili hayajibiwi na hesabu yoyote. Yanajibiwa na mtu aliyeshika karatasi. Mimi nitakuonyesha tu yanavyobadilisha jibu.

Chukulia kwanza kwamba mwalimu aliwaandikia wale wawili sifuri, kama wengi wanavyofanya kwenye programu ya kompyuta inayokataa nafasi tupu. Jumla ya darasa ni zile alama 4,410 za mwanzo, na za wasichana ni 2,682. Ile 55.875 ni halali kama wastani wa wasichana wote 48, sifuri mbili zikiwemo. Lakini mzazi akiuliza "waliofanya mtihani wamepata ngapi?", jibu ni 2,682 gawanya kwa 46, yaani 58.3. Zile sifuri mbili hazikuwa na alama yoyote ya kuchangia, zilichangia vichwa tu.

Sasa chukulia kinyume chake: mwalimu aliwaacha nje, akagawanya kwa 82. Basi jumla ya darasa si 4,410 tena, ni 82 × 52.5, yaani 4,305. Toa 1,728 za wavulana, zinabaki 2,577. Gawanya kwa wasichana 46 waliofanya: 56.02.

Umeona ilivyo. Taarifa ni moja, darasa ni moja, na majibu matatu yanatetewa kila moja kwa hoja yake: 55.9, 56.0 na 58.3. Mawili ya kwanza yamekaribiana kwa bahati, la tatu limejitenga. Tofauti kati ya 56 na 58.3 ni kama mara mbili ya tofauti kati ya 57 yako na jibu la Fizikia. Ndiyo maana nikasema mwalimu wa Historia hakukosea sana. Alichotakiwa kusema ni kwamba bila kujua nani amehesabiwa, hesabu safi inaweza kutoa namba isiyo na maana.

Wakati mwingine namba zenyewe husema nani alihesabiwa. Kama alama ni namba nzima zisizo na nusu, jumla lazima iwe namba nzima. Ingekuwa wastani wa darasa ni 52.25 kamili, ungejaribu 84 × 52.25, ukapata 4,389, sawa. Ukajaribu 82 × 52.25, ukapata 4,284.5, haiwezekani, hakuna aliyepewa nusu alama. Ungejua mara moja kwamba aligawanya kwa 84. Kwako ujanja huu umegonga mwamba, maana 4,410 na 4,305 zote ni namba nzima. Nimeutaja kwa sababu utakufaa siku nyingine.

Jambo la pili linaloweza kukuumbua ni makadirio. Mwalimu aliandika 48 kwa wavulana. Je, ni 48 kamili, au ilikuwa 47.6 akaipandisha? Au 48.4 akaishusha? Vivyo hivyo 52.5 inaweza kuwa kitu chochote kati ya 52.45 na 52.55. Ukiichukua taarifa ilivyo, jumla ya darasa inaweza kupungua au kuongezeka kwa alama 4.2, na jumla ya wavulana kwa alama 18. Hali ikiwa mbaya kabisa, makosa hayo yakalisukuma jibu la wasichana upande mmoja, ni alama 22.2 zinazowaangukia wasichana 48, karibu nusu alama kwa kila mmoja. Kwa hiyo hata tukimaliza suala la wagonjwa, huwezi kusema 55.875. Desimali tatu hizo zimezaliwa na mgawanyo, hazikutoka darasani. Sema "karibu 56" na utakuwa umesema kweli.

Nusu alama si msiba. Msiba huja kundi unalolitafuta likiwa dogo. Tuseme kati ya wanafunzi 84 wasichana ni 4 tu, na wastani zote mbili ulizonazo zimeandikwa kwa desimali moja. Kosa la 0.05 kwenye wastani wa darasa linazidishwa kwa 84, kisha linagawanywa kwa 4: tayari ni alama moja na kitu. Kosa kama hilo kwa wavulana 80 linaongeza alama moja nyingine. Wasichana wanne wamebebeshwa makadirio ya darasa zima.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar, kama asilimia 3. Tuseme mtu ana umri wa wastani wa nchi nzima na umri wa wastani wa Bara, kila mmoja kwa desimali moja, anataka kuuopoa wa Zanzibar kwa njia tuliyoitumia. Njia ni halali kabisa, ila kosa dogo la makadirio litakuzwa zaidi ya mara thelathini kwa kila namba, na jibu lake linaweza kukosea kwa zaidi ya miaka mitatu juu au chini. Hapo hesabu haina faida, afadhali afungue jedwali la Zanzibar lenyewe. Nimewahi kuona mtu mzima akijenga hoja ya kurasa kadhaa juu ya namba iliyopatikana hivyo. Kila hatua yake ya hesabu ilikuwa sahihi.

Najua ukishamaliza wastani wa alama utaniuliza kuhusu asilimia ya ufaulu, kwa hiyo nijibu kabisa. Asilimia ya ufaulu ni wastani uliovaa nguo nyingine: kila aliyefaulu mpe 1, aliyefeli mpe 0, kisha tafuta wastani. Kila nilichosema juu kinafanya kazi bila kubadilika. Darasa likifaulu kwa asilimia 75, waliofaulu ni 63 kati ya 84. Ukijua wavulana waliofaulu ni 24, wasichana ni 39 kati ya 48. Hapa una raha zaidi kwa sababu unahesabu vichwa, na vichwa havina desimali.

Kwenye asilimia, hata hivyo, kuna mtego uliowahi kuwanasa watu wakubwa. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea maombi ya masomo ya juu kutoka kwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Wanaume walikubaliwa asilimia 44, wanawake asilimia 35. Ilionekana wazi kuwa wanawake wanaonewa. Wataalamu walipochambua idara moja moja, hawakukuta ule upendeleo mkubwa dhidi ya wanawake. Ukilinganisha ndani ya idara, kulikuwa na dalili ndogo ya wao kupendelewa. Wanawake walikuwa wameomba kwa wingi idara zinazokataa watu wengi, wa kike kwa wa kiume. Idadi iliyogawanyika kwa namna tofauti kati ya idara ndiyo iliyovuta wastani wa jumla. Nakuletea kisa hiki kwa sababu najua kikaoni kuna atakayesimama aseme "kumbe wasichana wanawazidi wavulana Hisabati". Kama darasa lako lina mikondo miwili, na wasichana wengi wako kwenye mkondo wenye mwalimu asiyekosa kipindi, namba yako inaweza kuwa inampima mwalimu kuliko inavyopima jinsia. Wastani wa kundi hausemi sababu.

Na kwa kuwa mwenzako anafundisha Fizikia, mpe hili mkinywa chai. Dereva anakwenda mji ulio umbali wa kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na mwendo wake wa wastani kwenda na kurudi ni 48. Alirudi kwa mwendo gani? Wengi watasema 36, kwa kuwa 48 iko katikati ya 60 na 36. Umbali ni sawa, kwa hiyo makundi yanalingana, sivyo? La. Mwendo ni kilomita kwa kila saa, basi wanaohesabiwa ni saa, si kilomita. Safari nzima ni kilomita 240 kwa mwendo wa 48, saa 5. Kwenda kulichukua saa 2. Zinabaki kilomita 120 kwa saa 3: alirudi kwa kilomita 40 kwa saa. Ni hesabu yako ya wasichana neno kwa neno, ila "wanafunzi" sasa ni saa. Kila mara uliza wastani huu umegawanywa kwa nini, na hicho ndicho utakachokitumia kuzidisha.

Njia hii haiwezi kila kitu. Kama darasa lina mikondo mitatu na unajua wastani wa mmoja tu, utapata wastani wa ile miwili ikiwa pamoja, hutaweza kuitenganisha. Alama ya katikati, ile ya mwanafunzi anayesimama katikati wakipangwa kwa alama, haiopoleki hivi hata kidogo, kwa sababu haihifadhi jumla. Wala hutajua ni wasichana wangapi wamepata A. Wastani wa 56 unaangukia kwenye C kwa madaraja ya kidato cha nne, 45 hadi 64, lakini unaweza kuwa umeundwa na wasichana wote wenye C, au na nusu wenye B na A wakiwabeba wenzao wenye F. Mzazi wa mwenye F hatafarijika na C ya wastani.

Na kuna upande mwingine ambao walimu wachache huufikiria. Ukiweza kuopoa wastani wa kundi, unaweza kuopoa alama ya mtu mmoja. Tuseme umebandika ubaoni wastani wa darasa la watu 84, halafu kwenye taarifa nyingine ukaandika wastani wa wale 83 wasio na ulemavu wa kuona. Yule mmoja aliyebaki umemtangaza kijiji kizima. Watu wa takwimu wanalijua hilo. Wanapoficha namba ya kundi dogo kwenye jedwali, huficha na nyingine pembeni yake ili mtu asiipate kwa kutoa. Kwa wasichana 48 huna wasiwasi. Kwa makundi ya mtu mmoja, wawili au watatu, usitoe wastani kabisa.

Sasa Jumamosi yako. Kabla ya kikao, mtafute mwalimu aliyehama kupitia mkuu wa shule yake mpya, si kwa simu yake tu. Swali la kumuuliza ni moja: "Ulipopata 52.5, uligawanya kwa 84 au 82?" Jibu la neno moja linatosha kukuondoa kwenye njia panda. Akikosekana, chukua daftari la mahudhurio la siku ile, uthibitishe kwamba wasiofanya ni wawili tu na kwamba hakuna mvulana aliyekosa pia. Kama yupo mvulana aliyekosa, hata wastani wa wavulana unaingia mashakani. Halafu angalia kama wanafunzi bado wana karatasi zao zilizosahihishwa. Wasichana 46 si wengi. Kiranja akizikusanya asubuhi, kabla ya kengele ya chai utakuwa na wastani halisi na hutahitaji hesabu yangu.

Kama namba hii haiishii kikaoni, bali itaingia kwenye taarifa ya halmashauri, au itatumika kumpima mwalimu au kugawa fedha za mradi, usiitume iliyoopolewa. Nenda kwa afisa elimu ukiwa na taarifa uliyonayo, mwambie karatasi imepotea, mkubaliane alama zikusanywe upya. Atafadhaika kidogo, lakini ni heri hivyo kuliko aulizwe mwaka kesho namba ilitoka wapi.

Kwa wazazi, kama hadi Jumamosi hujapata chochote zaidi, ungeweza kusema hivi: "Kwa mujibu wa taarifa tuliyonayo, wavulana wamepata wastani wa 48 na wasichana karibu 56, tukihesabu darasa zima. Wasichana wawili waliokuwa wagonjwa hawakufanya mtihani, na iwapo waliandikiwa sifuri, wastani wa waliofanya ni karibu 58. Tunaendelea kuzitafuta alama zenyewe." Mzazi aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikoba atakuelewa mara moja. Ukiipata karatasi halisi, niandikie ulichokikuta. Nina hamu ya kujua aligawanya kwa ngapi.